Mkate Mdogo wa Nta

Juzi nilicheka mpaka nikajimwagia nta ya moto mguuni, na sijutii.

Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa mjini, mtaa wa Isevya, nakoroga masega kwenye sufuria, na ile harufu ilikuwa imeshapanda. Wenzangu mliokulia kwenye misitu ya miombo mnaijua. Ina asali iliyoungua kidogo, ina moshi, ina kitu kama utosi wa mtoto aliyelala juani. Majirani zangu wa siku hizi wakiisikia wanafunga madirisha. Mimi nafungua mdomo.

Mjukuu wangu Skola alikuwa kwenye kigoda karibu nami, simu mkononi, anaandika barua ya kuomba kazi. Kazi yenyewe ni ya kwenda vijijini kufundisha watu kufuga nyuki kisasa. Kaiandika kwa Kiingereza, akawa anaisoma kwa sauti, na mimi naisikia kama mvua inayonyesha kijiji cha jirani, maana shule yangu iliishia darasa la tatu. Lakini alipofika mwisho, pale anapoweka jina lake, alitamka neno moja na mwiko ukanitoka mkononi.

"Rudia hilo la mwisho."

"Yours sincerely, Bibi. Ndivyo barua inavyofungwa."

"Hilo la nyuma. Sinsia."

"Sincere? Wewe Bibi umelijulia wapi?"

"Hilo ni neno la Warumi," nikamwambia. "Nilitamkiwa mbele ya watu nikiwa mtoto. Nililia kutwa nzima."

Skola akaiweka simu chini. Nikamsimulia, na sasa nawasimulia na ninyi.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Alikufa kwa homa mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, akaacha mke, akaniacha mimi, na akaacha mizinga yake, magogo yaliyochongwa tumbo na kutundikwa juu ya miti, ndani ya msitu wa mwendo wa siku mbili. Mali nyingine hatukuwa nayo. Kuku hata sihesabu.

Kwetu wakati ule mwanamke hakupanda mzinga. Halikuandikwa popote na kila mtu alilijua. Mwanamke alichemsha masega, alichuja nta, alibeba. Kupanda kulikuwa kwa wanaume. Basi mama yangu, jina lake Nyamizi, alikaa matanga mpaka yakaisha, akanyolewa kama inavyotakiwa, halafu akafungua sanduku, akatoa suruali ya marehemu, akaivaa, akaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, akaingia msituni.

Kijiji kilizungumzia ile suruali kuliko kilivyozungumzia msiba.

Siku aliporudi akaja baba mdogo, Masanja, mdogo wake baba. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiizuia nuru yote.

"Shemeji, unatutia aibu. Nyuki wanamjua mwanamume."

"Nyuki hawajaniuliza," mama akasema, huku anachomoa mwiba wa nyuki kwenye shingo yake. "Wameniuma vilevile walivyokuwa wakimuuma kaka yako."

Baba mdogo akalipeleka jambo kwa wazee. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya kanga ya mama. Akasema: "Tungoje siku ya mnunuzi wa nta. Nta ya huyu mwanamke ikikutwa na uchafu, hata wa ukubwa wa ukucha, mizinga ya kaka yangu naichukua."

"Na ikikutwa safi?" mama akauliza.

"Sitafungua mdomo tena."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ikawa hivyo.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajarudi yote, ila nilielewa kabisa maana yake. Mizinga ikienda, tunahamia kwa baba mdogo. Tutalala jikoni kwake, na mama atapika kwa ruhusa ya mke wa mtu mwingine. Nilimwona kwa mawazo mkewe akitupimia chumvi kwa vidole viwili. Usingizi ukaniruka.

Mama alichemsha nta ile kama mtu anayeosha maiti ya mfalme. Alichemsha, akachuja kwenye gunia, akachemsha tena, akachuja kwenye kitambaa cha kitenge chake cha harusi. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya kiini cha yai. Akaimimina kwenye beseni igande, kila beseni likatoa mkate mmoja. Mikate mitano mikubwa na mmoja mdogo, wa sita, uliotokana na kilichobaki chini ya sufuria. Juu ya kila mmoja alichora kwa msumari mistari mitatu. Hiyo ilikuwa alama ya baba.

Sasa hapa ndipo nilipoingia mimi na akili zangu.

Tulikuwa Wakatoliki wa kigangoni, padre anakuja mara chache, katekista ndiye kila kitu. Siku ya kubariki mishumaa, katekista alituambia kwamba mshumaa uliobarikiwa ukiwa ndani ya nyumba, ubaya hauwezi kukaa karibu nao. Nami nilijua alipoweka vipande vilivyobaki baada ya ibada: kwenye kopo la maziwa, nyuma ya altare. Nikajiuliza, sasa kama kipande kimoja kinalinda nyumba, vipande kumi na moja ndani ya nta ya mama vitafanya nini? Na mshumaa si nta? Nta kwa nta, kuna ubaya gani?

Niliviiba mchana kweupe, nimeinama kama ninayesali. Mama alipokwenda mtoni kusugua sufuria, ule mkate mdogo ulikuwa bado laini kama ugali uliopoa. Nikavisokomeza ndani kimoja kimoja, kama mtu anayepanda karanga. Nikalainisha juu kwa kiganja chenye maji. Nikafanya ishara ya msalaba. Nakwambieni, sijawahi kujisikia mwema kama siku ile.

Mama aliporudi alichora mistari yake mitatu juu ya dhambi yangu, wala hakujua.

Mnunuzi alikuwa akiegesha lori lake kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu zetu walipita na mizigo kichwani hadi pwani. Kwetu watoto ilikuwa njia ya nta tu. Mama aliibeba mikate yote sita ndani ya kapu, kichwani, shingo imenyooka, suruali ya baba kavua, kavaa gauni la Jumapili. Hakupumzika hata mara moja. Watu walimpisha.

Mnunuzi tulimwita Bwana Nyundo. Alikuwa mtu mnene, mwenye fimbo mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, na kazi yake ilikuwa kuvunja. Ukimletea mkate, aliuweka juu ya jiwe, pwaa, akatazama ndani, akachukua kipande akatafuna. Nta safi haing'ang'anii meno. Watu walikuwa wakitia mambo humo ndani: mawe, unga, mafuta ya ng'ombe. Lakini walikuwepo watu watatu au wanne ambao Bwana Nyundo hakuwavunjia. Akiona alama zao, mkate unapita mzima. Kuvunjiwa haikuwa aibu, kila mtu alivunjiwa. Ila kutovunjiwa ulikuwa ufalme, na baba yangu alikuwa mmoja wa wafalme hao.

Mtu aliyetutangulia alivunjiwa, na ndani kukatokea jiwe la ukubwa wa ngumi. Bwana Nyundo akalinyanyua juu watu walione.

"Hili limetagwa na nyuki gani?" Watu wakacheka. Akaendelea, sasa hacheki: "Nisikilizeni. Chochote humu kisichotoka kwa nyuki ni wizi. Mwaka jana kuna mtu alinitilia mishumaa ya dukani. Mshumaa wa dukani si nta! Ni mafuta ya taa yaliyogandishwa! Hata uwe mweupe kama malaika, ni wizi."

Na mishumaa ya kigangoni ilitoka dukani.

Zamu yetu ikafika. Bwana Nyundo akaona mistari mitatu, akaishusha nyundo taratibu. "Alama ya rafiki yangu. Pole sana, mama. Pitisha."

"Ngoja," baba mdogo akasema kutoka nyuma. "Marehemu ndiye hakuvunjiwa. Huyu ni mtu mwingine. Avunjiwe kama wengine."

Bwana Nyundo akamtazama mama. Mama akasema, "Vunja."

Akachukua mkate mkubwa wa juu kabisa. Pwaa. Ndani ukawaka manjano mpaka katikati. Akatafuna, akafumba macho, akatafuna tena. "Safi," akasema. "Hii ni safi kuliko ya mumewe, Mungu anisamehe. Iliyobaki inapita."

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mdogo akatazama viatu vyake. Imekwisha! Tumeshinda! Mizinga yetu! Vijana wa lori wakaanza kuibeba mikate mitano, na ule mdogo ulikuwa juu kabisa, unameta, umebarikiwa.

Hakuna aliyejua ila mimi. Lori lingeondoka na siri ingekwenda nayo. Mpaka leo nikiulizwa kwa nini sikunyamaza, jibu langu ni kwamba niliuona uso wa mama. Alikuwa anacheka, meno yote nje, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na nikaona kwamba anacheka juu ya kitu nilichokitoboa mimi.

"Vunja na ule mdogo," nikasema.

"Nyamaza wewe," mama akaninong'oneza.

"Mama, auvunje ule mdogo." Nikaanza kulia. "Nimetia vitu."

Bwana Nyundo akauchukua, akauweka juu ya jiwe, akaupiga. Ukafunguka kama embe bovu. Vipande vyeupe kumi na moja, na nyuzi za pamba zinaning'inia kama mikia ya panya.

"Si niliwaambia!" Baba mdogo alirukaruka, mtu mzima na mvi zake. "Si niliwaambia! Hata wa ukucha, tulisema! Mizinga yangu hiyo!"

Bwana Nyundo alichuchumaa mbele yangu. Alinuka tumbaku na nta. "Ulitia nini, mwanangu?"

"Mishumaa ya kanisani."

"Kwa nini?"

"Ili nta ya mama ibarikiwe."

Kuna mtu alicheka, akakatizwa. Mama yangu akanishika mabega akanigeuza. Nimezaa, nimezika, nimesimamishwa mbele ya mabaraza, lakini sijawahi kutazamwa tena namna ile.

"Kwenye ile mingine ulitia?"

"Hapana, mama. Huo tu."

"Hukutia hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Akasimama wima. Akanyoosha mkono kwa mnunuzi, kiganja juu.

"Leteni nyundo."

Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika nyundo ile. Bwana Nyundo akampa. Mama akaipandisha mikate yake juu ya jiwe, ile minne iliyokuwa imepita mizima, ile ambayo hakuna aliyemwambia avunje, akaivunja mmoja mmoja mbele ya wazee wote. Pwaa. Manjano. Pwaa. Manjano. Kanga ya mabegani ikamwanguka, hakuiokota. Mizinga yote ya baba, na jiko letu, na chumvi yetu, aliviweka juu ya neno la mtoto asiye na meno. Pwaa. Manjano. Na wa mwisho. Manjano mpaka chini.

Akamgeukia baba mdogo, anahema, akamnyooshea kipande. "Tafuna, shemeji."

Baba mdogo akatafuna. Alitafuna muda mrefu sana, kila mtu anamtazama taya. Mwisho akatema kwenye kiganja.

"Ni nta," akasema.

"Lakini uchafu umekutwa," mzee mmoja akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

"Umekutwa na nani?" Bwana Nyundo akauliza. "Mimi sikuukuta. Nilikuwa nimeshapitisha. Nimeletewa na mwenye nta mwenyewe. Miaka yote hii navunja nta, nimeona watu wanaficha jiwe, wanaficha unga, wanaapa kwa mama zao. Sijawahi kuombwa kuvunja nta na mwenye nta." Akauangalia umati. "Kuanzia leo mistari mitatu haivunjwi. Si kwa sababu ya marehemu. Ni kwa sababu ya hawa wawili."

Vigelegele vikapanda mpaka njiwa wakaruka. Kisha Bwana Nyundo, ambaye alisoma kwa mapadre, akaniwekea mkono kichwani akasema: "Waingereza wana neno la mtu kama wewe. Sincere. Padre aliyenifundisha alituambia limetoka kwa Warumi wa kale, na maana yake ni bila nta."

Hapo ndipo nilipolia kwelikweli.

Fikirini. Warumi niliowajua mimi ni wale wa Njia ya Msalaba, wale wenye mikuki, waliochorwa kwenye kuta za kigango wakiwa na pua ndefu. Na neno lao juu yangu ni "bila nta"! Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo hukumu. Nyumba yetu itakaa bila nta. Mizinga tumeachiwa, lakini nyuki wataondoka. Mama aliimba njia nzima, wanawake wanamsindikiza, mimi nyuma nalia kama nimefiwa, na kila mtu anadhani nalia kwa furaha.

Kesho yake mama aliuyeyusha ule mkate mdogo, akazitoa nyuzi za zamani, akasuka nyuzi mpya za pamba, akamimina ndani ya matete. Tukampelekea katekista, mimi nimebeba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii ni nini?"

Nikaungama. Katekista akahesabu kwa kidole. "Umeiba vipande kumi na moja vya ukubwa wa kidole gumba, unarudisha mishumaa mizima kumi na tisa. Ukiiba tena nijulishe mapema, nitengeneze kopo kubwa." Krismasi ile kigango kilinukia asali toka mlangoni hadi altareni, na baba mdogo aliketi mstari wa mbele, mshumaa wa mama unamwangaza usoni, hana pa kujificha.

Lakini mimi nilikuwa nikiwangoja Warumi. Kila mama aliporudi kutoka msituni nilichungulia kapu kabla sijamwamkia. Na nyuki walijaa! Mizinga ambayo baba aliiacha tupu ikajaa. Nikadhani Mungu na Warumi wanagombana juu ya mizinga yetu, na Mungu yuko mbele kidogo. Sikumwambia mtu. Mama alipanda miti mpaka magoti yalipokataa, alinijengea mimi maisha juu ya nta ile, alizikwa na mtaa mzima, na kila msimu mzuri mimi nilijiambia kimoyomoyo: bado hawajafika.

Skola alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika simu, akasoma, akaanza kucheka.

"Bibi, hukuhukumiwa. Ulisifiwa. Neno hilo maana yake ni mtu wa kweli, ndani yake na nje yake ni kitu kimoja. Wanasimulia kwamba zamani huko Rumi wachonga sanamu walikuwa wakiziba nyufa za mawe kwa nta. Basi sanamu isiyo na nta ndiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo hiyo 'bila nta'."

Nami nikacheka, na ndipo nta iliponimwagikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaogopa wachonga mawe! "Wajinga hao," nikasema. "Waliichukua nta wakaifanya uchafu. Kwetu nta ndiyo iliyokuwa ikitiwa uchafu."

"Subiri, Bibi, kuna jingine." Akasogeza kidole juu ya kioo. "Wataalamu wa lugha wanasema hadithi hiyo ya sanamu si ya kweli. Imetungwa baadaye na watu. Neno lenyewe la Kilatini lilikuwa na maana ya kitu safi tu, kitu ambacho hakijachanganywa."

Nikalitafuna hilo. Neno la watu wa kweli, na ndani yake kuna mtu kasokomeza hadithi ya uongo, akalainisha juu kwa kiganja chenye maji! Na ukilivunja, katikati kabisa unakuta kilekile ambacho Bwana Nyundo alikitafuna akafumba macho. Kitu ambacho hakijachanganywa. Manjano mpaka chini. Mama yangu angesikia hilo, angepiga kigelegele mpaka Kitete kule hospitalini wagonjwa waamke.

Nikageuka nimwambie Skola, nikamkuta hacheki tena. Anaitazama barua yake.

"Bibi, humu nimeandika kwamba nina uzoefu wa miaka mitatu wa kufuga nyuki."

"Miaka mitatu? Wewe ulianza kuja kunisaidia mwaka jana, na nyuki wa kwanza alikukimbiza mpaka barabarani."

"Kila mtu anaandika hivyo."

Nilikoroga nta yangu. Baada ya muda nikasikia kidole chake kinagonga kioo, tik, tik, tik, anafuta. Halafu anaandika upya, polepole. Akanisomea kwa Kiswahili: nimejifunza kwa bibi yangu kwa mwaka mmoja, aliyejifunza kwa mama yake, mwanamke wa kwanza kupanda mizinga katika kijiji chao. Akafunga kwa lile neno. Akaituma.

Jana wamempigia simu. Wanataka aje, na wanataka aje na huyo bibi.

Skola alinikumbatia nikiwa na jivu mikononi, akanirudisha nyuma anitazame, jicho la uchokozi. "Na wewe Bibi, kwenye hadithi yako yote ile, hakuna kipande cha mshumaa humo ndani?"

"Lete nyundo," nikamwambia.